Mlinzi Haangalii Nyuma

Mgeni aliyeleta kaseti ile alipewa kahawa, na hakuitafuna.

Adventina aliliona hilo na likamkera. Kwa Wahaya, mgeni akiingia unamtolea kikapu kidogo cha akamwani, kahawa iliyochemshwa na maganda yake ikakaushwa, naye hutafuna punje mbili tatu huku akitoa habari za alikotoka. Karibu yenyewe ndiyo hiyo. Ukishampa mtu kahawa amekuwa mgeni wako, huwezi kumfukuza tena kama mwizi. Huyu alichukua punje moja tu, akaigeuzageuza, akaitia mfukoni mwa koti lake la kijeshi, koti kuukuu la wakati wa vita.

"Waitu, mbona huli?" Adventina aliuliza.

"Nitaila nikimpata wa kugawana naye," mgeni alisema kwa sauti ya chini.

Alisema ametoka Mutukula, mpakani, akaweka kaseti ya gemu mezani, akaondoka. Alikuwa peku na nje mvua ilikuwa inanyesha, lakini sakafuni hakuacha tope. Alichoacha ni harufu ya jivu lililomwagiwa maji.

Huo ulikuwa mwaka wa tisini na tatu. Adventina alikuwa na chumba cha gemu pale Bilele, mjini Bukoba, televisheni moja na mashine moja ambayo marehemu mumewe aliileta kutoka Kampala kabla hajaugua. Mumewe aliondoka na ugonjwa ambao watu wa Bukoba waliuita Juliana, maana jina lake halisi liliwashinda kulitamka. Alimwachia mtoto mmoja, Kokuhirwa, mwenye miaka sita. Mtoto huyo alikuwa analelewa na bibi yake, mama wa Adventina, kijijini Kamachumu, upande wa Muleba, na hakuna kitu duniani ambacho Adventina aliogopa kukipoteza kama yeye.

Kila gemu jipya Adventina alilicheza kwanza mwenyewe, kisha akaandika maoni yake kwa chaki kwenye ubao wa mlangoni, bila kumpaka mtu mafuta. La magari aliliandikia: "Zuri, lakini ukianguka usivunje pedi yangu." La ndege: "Linachosha mapema." Wateja walimwamini kuliko walivyowaamini waliomuuzia.

Kwa hiyo Jumanne mchana alifunika dirisha kwa blanketi ili kioo kionekane vizuri, akaichomeka kaseti.

Hakukuwa na muziki, jambo lililomshangaza. Ulikuwa usiku, kwenye kibanja cha migomba, na mtu mrefu mwenye koti akisubiri kuendeshwa. Hakuwa na bunduki. Kazi yake ilikuwa kunyemelea. Alitakiwa kuifikia nyumba iliyo mbele, ampite mlinzi mlangoni, aingie, amguse aliyelala kitandani, basi. Ukikanyaga jani kavu la mgomba linalia, mlinzi anainua kichwa, unaanza upya. Adventina alishindwa mara nne. Mara ya tano aligundua kwamba ukienda hatua tatu ukasimama, mlinzi hasikii kitu, na kwamba kando ya kila mlango kuna kikapu, ukichota humo mlinzi anakutazama usoni na kukuachia njia. Ukishampita, umemweza. Hageuki tena.

Alifurahi, naam, alifurahi kama mtoto. Akaandika ubaoni: "Gemu la kuvizia. Picha mbaya, sauti kidogo, lakini linashika moyo. Siri yake: mlinzi haangalii nyuma."

Jumatano aliingia nyumba ya pili. Alhamisi alikuwa ameshafika kwenye kizingiti cha nyumba ya tatu umeme ulipokatika.

Ijumaa asubuhi kaka yake, Ildefons, aliingia akitokea Kamachumu na mkungu wa ndizi begani. Alikuwa amechoka usoni.

"Tumemzika mzee Rutashobya," alisema. "Amekufa Jumanne mchana. Tukiwa bado matangani, Jumatano akafuata Immakulata."

"Walikuwa wagonjwa?"

"Dada, siku hizi nani si mgonjwa? Ila Rutashobya alikuwa ameshapata nafuu. Mkewe alikaa mlangoni mchana kutwa akimlinda. Anasema hakuona mtu kuingia."

Nyumba ya kwanza kwenye gemu ilikuwa na gurudumu la baiskeli lililotundikwa ukutani, na gurudumu la baiskeli lilitundikwa ukutani kwa Rutashobya tangu Adventina akiwa msichana. Ya pili ilikuwa na mlango wa mabati, kama kwa Immakulata. Ya tatu ilikuwa msonge, nyumba ya mviringo ya nyasi. Kamachumu nzima waliobaki na msonge hawakuzidi watatu, na mmoja wao alikuwa mama yake, aliyekataa katakata kujengewa ya bati.

"Na Kokuhirwa?" aliuliza kwa kunong'ona.

"Ana homa tangu jana. Malaria tu, usianze kulia."

Umeme ulikuwa haujarudi. Adventina alipogeuka kuutafuta mkoba wake, kioo cha televisheni kilikuwa kinawaka, na juu yake ulionekana ule msonge, ule mlango, na kile kizingiti alipomwacha yule mtu jana. Kizingiti kilikuwa kitupu. Chumba kilinuka jivu lenye maji. Aliing'oa kaseti, akaiponda kwa jiwe, akavitupa vipande chooni, na wakati wote huo aliwaza jambo moja tu, kwamba amenitangulia, ameshafika, na mimi ndiye niliyemfundisha njia.

Alipata Landrova ya abiria iliyokuwa inaelekea Muleba. Ilijaa watu hadi mlangoni, lakini kando yake kilibaki kijinafasi, na utingo alipomsukumia mtu pale, mtu huyo alisema pana mwenyewe, akaenda kubanana na wengine. Adventina hakusikia. Alikuwa anahesabu vilima.

Alifika saa saba mchana. Mama yake, Kokugonza, alimpokea uani, akatoa vigoda viwili, akarudi ndani kuleta kikapu cha kahawa kama ilivyo ada. Adventina alimpokonya kikapu mikononi, akakimwaga chote kibanjani.

"Una wazimu?" mama yake alifoka. "Mgeni akija atatafuna nini?"

"Mama, nakuomba. Leo usimpe mtu kahawa. Usimwitikie mtu hodi. Mtoto yuko wapi?"

"Amelala. Nimemtandikia nyasi mpya." Kokugonza alimtazama binti yake, akatazama kidogo pembeni yake, akanyamaza kama mtu asiyetaka kuuliza mambo ya watu. "Haya. Mimi niko jikoni."

Kokuhirwa alikuwa anawaka moto, lakini alimtambua mama yake na kutabasamu. Adventina alimbusu, kisha akaburuta kigoda, akaketi kwenye kizingiti chenyewe, miguu nje, uso ukielekea migombani, panga magotini. Atakayepita na apite juu ya maiti yangu, alijiambia, na alikuwa anamaanisha.

Akalinda. Saa nane ikapita, na saa tisa. Alitazama kila jani kavu kati ya mlango na njia, akasikiliza hatua tatu na kimya, hatua tatu na kimya, kwa kuwa aliujua mwendo ule kuliko mtu yeyote aliye hai. Na migomba ilikuwa imetulia, na kuku walikuwa wanaparua mahali alipoimwaga kahawa, na jua lilikuwa linawaka vizuri kabisa, na hakuna kilichokuja, hakuna, mpaka akaanza kuamini kwamba vipande vile vya kaseti vimezama na mwenye koti, na machozi ya shukrani yakaanza kumtoka hapo hapo kizingitini.

Nyuma yake mtoto alicheka kidogo.

"Umeamka, mama yangu?" Adventina aliuliza bila kugeuka, akijifuta uso. "Homa imeshuka?"

"Imeshuka. Sisikii joto tena."

"Mungu ni mwema. Unatafuna nini?"

"Kahawa."

"Kahawa gani? Nimeimwaga yote."

"Ya mgeni wako," Kokuhirwa alisema. "Yule uliyekuja naye. Ilikuwa moja tu mfukoni, akaipasua. Nusu amenipa mimi, nusu amekula yeye. Anasema sasa tumekuwa ndugu, tunakwenda kwao."

Ndivyo wazee walivyokuwa wakifunga udugu, kwa punje moja ya kahawa iliyogawanywa, na udugu huo haukuwa na wa kuufungua. Adventina alisikia nyasi mpya zikikanyagwa taratibu ndani ya msonge, hatua tatu, kimya, na kando yake hatua nyingine, ndogo, nyepesi, za miguu anayoifahamu. Ndipo alipogeuka. Mtoto alikuwa amelala kitandani, mkono umening'inia, mdomo wazi kidogo, na juu ya ulimi wake lilikuwa ganda tupu la kahawa.