Tulibomoa Boma kwa Stima Ambayo Haikuja

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, mnisikilize vizuri, kwa maana sitarudia. Nina miaka sabini na nne. Shule niliachia darasa la tatu, kwa hivyo mkiona nimekosea kuandika, mnisamehe. Lakini msiniambie nimekosea kukasirika. Nimekasirika, na nitakufa hivyo hivyo!

Mimi nilikuwa mikayi, yaani mke wa kwanza, katika boma lililokuwa ufuoni, si mbali na bandari ya Kisumu. Mke mwenzangu aliitwa Akeyo. Mume wetu alituacha zamani, tukamzika upande wa kulia wa nyumba yangu kama desturi yetu inavyotaka. Tukabaki sisi wawili, tukigombana juu ya kuku na kuanika omena, dagaa wa ziwani, kwenye wavu mmoja.

Msidhani tulipendana kama malaika. Akeyo alikuwa na mdomo. Lakini kifua kiliponilaza hospitali miezi mitatu, na Okoth, kifungua mimba wangu, bado anatambaa, ni Akeyo aliyembeba mgongoni. Yeye mwenyewe hakujaliwa mtoto. Okoth alimwita mama kabla hajaniita mimi.

Sasa huyo Okoth, akiwa mtu mzima mwenye wake na watoto, alikuja nyumbani siku moja amevaa helmeti ya manjano. Alisema kampuni inajenga kituo cha stima, yaani umeme, kando ya bandari, stima ya kutengenezwa kwa gesi. Gesi italetwa kwa matangi, mitambo itanguruma, na kila boma litakalosaini na kuhama litalipwa fidia, na mtoto wake mmoja ataandikwa kazi. Yeye alikuwa ashapewa kazi ya kuzungumza na wenyeji na kusafisha kiwanja.

Wakaja watu wa kupima. Wakapaka mawe rangi nyekundu, wakala samaki wetu, wakaenda.

Akeyo alikataa. Aliuliza gesi yenyewe iko wapi, nani ameiona, mbona hata bomba moja halijashushwa. Mimi nilikuwa nishaona wajukuu wangu wote wamevaa hizo helmeti... Nikamwambia neno ambalo mpaka leo linanichoma. Nilimwambia tumbo ambalo halijazaa haliwezi kujua uchungu wa kutafutia watoto kazi.

Nilimwambia hivyo. Mbele ya watu!

Akeyo alimgeukia Okoth, akamuuliza yeye Akeyo akifa atazikwa wapi. Okoth akaapa kwa jina la Mungu kwamba makaburi hayataguswa, na yeyote kati yetu akifa atarudishwa kwa mume wake. Hilo tu ndilo lililomtoa Akeyo pale. Hakuondolewa na kazi wala fidia.

Nami nikasaini. Kwetu, nyumba ya mikayi ikiondoka, boma limeondoka. Na boma likishahamwa halirudiwi, mtu aliye hai halali tena pale. Nilijua hayo yote nikisaini. Nani alinishika mkono? Hakuna.

Asubuhi waliposhusha mabati ya nyumba yangu, Akeyo alikuwa ameketi mlangoni kwake akichambua omena.

"Mama Okoth," akasema, "stima haijafika, na wewe ushazima moto wako?"

Nilijifanya sijasikia. Walipomaliza kwangu wakaanza kwake.

Tulihamia mtaa wa Nyalenda mjini, vyumba viwili vya kupanga, tukipiga foleni ya maji na wasichana wa umri wa wajukuu wetu. Fidia ilikuja nusu, ikaliwa na kodi. Kila nilipomuuliza Okoth, alisema mitambo iko njiani. Mara wakubwa hawajaelewana juu ya gesi. Mara tungoje kidogo. Wajukuu wakangoja hiyo kazi mpaka wakachoka kuitaja.

Akeyo alipungua kama sabuni. Hakulalamika, na hilo ndilo lililonitisha, maana nilimjua. Siku zake za mwisho alinishika mkono akasema, "Mnirudishe tu." Nikamwahidi. Kwani mtoto wetu hakuapa?

Alipofariki tulimtuma mtu kwa Okoth, akaambiwa yuko safarini. Tukaweka jeneza kwenye pikapu, mimi na akina mama wa kanisa, tukaenda.

Tulikuta ua wa waya na geti la chuma. Nikachungulia. Mitambo iko wapi? Hakuna bomba, hakuna tangi, hakuna hata msingi! Ni nyasi tu, na ng'ombe wamelala... mmoja amelala juu ya kaburi la mume wangu.

Mlinzi, mzee wa makamo, alivua kofia alipoona jeneza. Alisema hawezi kufungua bila mkubwa wake. Akapiga simu. Mkubwa akaja kwa pikipiki.

Alikuwa Okoth.

Alisimama upande wa ndani wa geti. "Mama, hapa ni mali ya kampuni. Nikiruhusu jeneza moja, kesho yatakuja kumi."

"Huyu ndiye aliyekubeba," nikamwambia.

"Najua. Lakini sheria si yangu."

"Na hizo ng'ombe, ni za kampuni?"

Mlinzi aliangalia chini, akasema polepole, "Ni zake, mama."

Hapo ndipo Okoth alipokasirika, na kwa hasira akatapika ukweli. "Mradi ulisimama hata kabla hamjahama. Barua ya kuusimamisha nilikuwa nayo. Sasa kama boma halingeondoka, mimi ningelipwa kuchunga kiwanja gani?"

Mmesikia? Alijua! Alitazama paa langu likishushwa na alijua. Alimwapia Akeyo na alijua!

Akeyo tulimzika Mamboleo, kwenye makaburi ya umma, kati ya watu tusiowajua, na kijiti chenye namba kichwani. Kwetu anayezikwa hivyo ni mtu asiye na watu. Akina mama waliimba kwa sauti ya chini, kama wanaona haya. Na haya ilikuwa yangu.

Vijana, msibomoe kinachosimama kwa ajili ya kilichochorwa kwenye karatasi. Mtu wa damu yenu akija amevaa helmeti ya watu wengine, muulizeni anamfanyia nani kazi. Na kukiwa na mmoja anayekataa, mwacheni aseme mpaka amalize. Msimfunge mdomo kwa kidonda chake kama nilivyofanya mimi. Nawasihi, msifuate njia yangu.

Juzi Okoth alituma wazee. Ati amezungumza na kampuni, na siku yangu ikifika geti litafunguliwa, nilale kwa mume wangu kwa heshima kama mikayi. Wazee wakafurahi sana. Niliwapa chai wakanywa, nikawasindikiza.

Halafu nikaita watu wangu wote, watoto, wake zao na wajukuu, nikawasimamisha uani. Nikawaambia: "Nikifa, mtu asipite karibu na lile geti. Mnipeleke Mamboleo, mnichimbie kando ya Akeyo. Na Okoth asiguse jembe."