Mtu wa Buluu

"Maraigh an fear gorm."

Maneno manne tu, yamenaswa kwenye redio ya Motorola. Sauti ya Muairishi, muuza silaha.

Numbi, jasusi, alikuwa barabarani Chaussée d'Ixelles, bastola ya Browning chini ya koti.

"Berthe! Wanasema nini?"

Kule mtaani Etterbeek, Berthe, mwenzake wa redioni, alipekua kamusi ya Kiairishi mbiombio.

"Ua mwanaume gorm. Gorm ni... bleu! Alors, chunga ule muzungu wa koti bleu!"

Afisa wa forodha mwenye koti la buluu alikuwa ameketi mkahawani ng'ambo ya barabara na Ushindi, mdogo wake Berthe, mpakiaji wa ghala la muuza silaha. Ushindi alikuwa ameona makasha ya bunduki za kwenda Kivu. Sasa alikuwa akimnong'oneza afisa zilipofichwa.

"Na Ushindi?"

"Mudogo wangu hawamutafute. Kimbia, bon Dieu!"

Ole wake anayeamini kamusi!

Numbi aliruka mlangoni, akamwangusha afisa, akamlalia.

Risasi moja ikalia kutoka nje.

Afisa alikuwa mzima. Ushindi alikuwa ameinamia kahawa yake, shingo imetoboka. Kijana wa watu, masikini, hata sukari hajakoroga.

"Amekwisha kuniambia," afisa alisema. "Ghala liko Berchem-Sainte-Agathe."

"Ita polisi!"

Numbi alimfukuza muuaji hadi uchochoroni. Akampiga risasi ya goti. Muuaji, naye Muairishi, akaanguka kifudifudi, bunduki ikamtoka.

"Umekosea," Numbi alimwambia kwa Kifaransa. "Wa koti la buluu yu hai."

Muairishi akacheka, meno yana damu.

"Koti gani? Kwetu mtu mweusi ni fear gorm. Mtu wa buluu. Tangu mababu."

"Kwa nini msiseme mweusi?"

"Fear dubh? Huyo ni Shetani. Jina lilishachukuliwa."

Numbi alimwelekezea bastola usoni.

"Bon. Basi umekutana naye."

Akafyatua.

King'ora kilipita kuelekea Berchem. Baadaye redio ikakoroma: makasha yote yamekamatwa, hata moja halitafika Kivu.

Kisha Berthe, sauti yake imejaa furaha.

"Numbi! Tumewashinda! Muzungu wa bleu ni muzima?"

"Muzima."

"Asante Yezu! Alors, nipatie Ushindi, nimwambie maman anamupikia pondu."

Numbi alifuta bastola kwa leso.

"Berthe. Gorm si koti. Gorm ni siye."

Redio ikajaa mayowe.

Alizima redio, akafunga vifungo vya koti lake, akaondoka taratibu kuelekea Porte de Namur.