Skrubu Nne za Darubini

Maiti ilikuwa imelala kifudifudi ukingoni mwa shamba la mahindi, risasi imeingia chini ya bega la kushoto. Inspekta aliinama kuikagua, magoti yakamlia. Wiki nzima hajalala vizuri, na marehemu, kama ilivyo kawaida ya marehemu, hakujali.

Aliyepigwa na aliyepiga wote walikuwa askari wa wanyamapori, tena mashemeji. Walikuwa wametumwa kuua nguruwe pori waliokuwa wakimaliza mahindi.

"Nilimlenga nguruwe," alisema askari aliyebaki hai. "Darubini ya bunduki ilikuwa inacheza. Shika uone."

Inspekta aliishika. Kweli, skrubu zote nne zilikuwa zimelegea, darubini inacheza kama jino bovu.

Lawama zikamwangukia fundi wa silaha, aliyeifunga darubini hiyo juzi. Kufikia mchana alikuwa mahabusu, na mkewe mjamzito amekaa nje kwenye benchi, hataki kuondoka.

"Afande, skrubu zile nilizifuta mafuta, nikatia gundi, nikazikaza," fundi alisema. "Haziwezi kulegea zenyewe."

"Kila fundi husema hivyo."

"Na mimi nasema nini tena, afande? Ndiyo kweli yenyewe."

Inspekta alitamani kufunga jalada akalale. Lakini kila akipita kwenye benchi yule mama alimwamkia kwa heshima, na heshima hiyo ilimchoma. Akamwagiza mtaalamu wa silaha alegeze skrubu za bunduki nyingine ya aina ile ile, afyatue.

Risasi moja ilitosha. Bunduki iliporudi nyuma kwa kishindo, darubini iliteleza mbele ndani ya pete za chuma zinazoishikilia, na pete zikaikwaruza vibaya. Inspekta akaifungua darubini ya kielelezo, ile ya bunduki iliyoua. Chini ya pete hapakuwa na mkwaruzo hata wa dawa.

Akamwita yule askari wa wanyamapori.

"Ulizilegeza baada ya kupiga."

"Nani kasema?"

"Darubini. Ingekuwa imelegea wakati unafyatua, ingekwaruzika. Haina alama. Bisibisi ulitoa wapi?"

Askari akapapasa mfuko wake.

"Ninayo kwenye kisu cha mfukoni."

"Shemeji yako alikukosea nini?"

"Mimi? Hakunikosea kitu. Alikuwa akimpiga dada yangu. Safari hii alimvunja taya. Tulikuja hapa hapa kwenu, Inspekta. Kaunta wakatuambia mambo ya mke na mume yakamalizwe nyumbani. Basi nimeyamaliza."

"Na fundi? Ungemwacha afungwe?"

"Fundi sikumfikiria," alisema. "Wallahi sikumfikiria."

Inspekta aliandika yote, hata hilo la kaunta, kisha akaagiza fundi aachiwe.

Jioni alikwenda hospitali mwenyewe. Dada wa askari alikuwa ameketi kitandani, taya limefungwa waya. Inspekta alimweleza taratibu: mumewe amekufa, na kaka yake amekiri. Alidhani atalia. Mwanamke akanyoosha mkono akaomba kalamu, akaandika nyuma ya kadi yake ya dawa:

"Kesho natoka. Kaka ndiye alikuwa anichukue. Sasa nani?"