Miduara Kumi na Saba

“Fumba macho kwanza. Usichungulie,” Fundi alisema. “Haya, fumbua.”

Mwanamke akafumbua. Ukuta wa uani kwa shangazi yake ulikuwa mweupe pe, kuanzia langoni hadi kwenye tangi la maji. Mbele yake amesimama Fundi, mchumba wake, suruali imelowa hadi magotini, brashi ya waya mkononi, anatabasamu kama mtu anayesubiri kukumbatiwa.

“Umefanya nini?”

“Nimeusugua. Tangu asubuhi. Jumamosi picha zetu za harusi zitatoka—”

“Nakuuliza umefanya nini.”

Tabasamu likaanza kumtoka Fundi polepole. Mwanamke akausogelea ukuta, akapapasa jiwe moja, la pili, la tatu, halafu akakaa chini palepale kwenye tope na nguo zake za kazini.

Usimcheke. Sikiliza kwanza kazi yake. Huyu dada ni mtafiti wa chuo. Wenzake wanachunguza simba na ndege wazuri, yeye anachunguza yale madoa ya kijivu, kijani na rangi ya chungwa yanayoota kwenye mawe na magome ya miti. Watu wanayaita ukoga. Yeye anayaita kuvumwani, kwa sababu kila doa ni kuvu na mwani wanaoishi pamoja, mmoja anatoa makazi, mwingine anatoa chakula. Mtaa mzima ulishambatiza Mama Ukoga, na akiitwa anaitika. Akipenda chongo huita kengeza.

Kwenye ukuta huo alikuwa na miduara kumi na saba ya rangi, kila mmoja umezunguka doa moja. Kila mwaka, wiki ileile, anaweka plastiki angavu juu ya doa na kuchora ukingo wake kwa kalamu, aone limekua kiasi gani. Kwa mwaka mzima linakua unene wa kucha tu. Amefanya hivyo miaka tisa. Na Alhamisi wakaguzi watatu walikuwa waje kuuona ukuta huo kwa macho yao. Wakiridhika, utaanza uchunguzi wa kuvumwani wa mkoa mzima, kazi ambayo hakuna mtu aliyewahi kuifanya, na kuta na miamba itakayoorodheshwa italindwa. Wasiporidhika, faili linafungwa. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

“Alhamisi waje waone nini?” aliuliza kutoka palepale chini.

“Lakini si wewe mwenyewe uli...” Fundi akaitazama brashi mkononi mwake.

“Mimi nili nini?”

“Hakuna. Kosa ni langu. Brashi nimeishika mimi.”

Mwanamke akavua pete, akaidondosha kwenye ndoo ya sabuni.

“Basi ishike na hii. Harusi hakuna.”

Kesho yake asubuhi mkuu wa idara akapiga simu.

“Nimesikia. Ahirisha ziara. Sema unaumwa.”

“Siumwi.”

“Utasimama mbele ya ukuta mtupu useme nini?”

“Nitasema umesuguliwa.”

“Utaiaibisha idara nzima.”

“Idara haikuwahi kuja hata kuuona huo ukuta, mkuu. Aibu nitaibeba mwenyewe. Waache waje.”

Akakata. Kwenye simu kulikuwa na ujumbe tisa wa Fundi, hakufungua hata mmoja. Wa kumi ukaingia akiwa bado ameishika: “Sikuombi msamaha. Kuna kitu cha marehemu baba nataka ukione, ni kwa ajili ya kazi yako. Ukishakiona nifukuze tena.”

Shangazi yake akaingia na kikombe cha chai. Ndiye aliyemlea tangu ana miaka saba, na ndiye aliyeishika harusi hii kuanzia kadi hadi viti.

“Mwanangu, mwanamume kajichubua vidole kwa mapenzi, wewe unavunja uchumba kwa sababu ya ukoga. Watu nitawaambia nini?”

“Waambie ukweli.”

“Ukweli gani? Kijana wa watu hakujua. Mimi mwenyewe nilimsisitiza aanzie pale langoni, penye zile alama zako za rangi, maana ndipo pachafu zaidi, na yeye...”

Shangazi akaishia hapo. Njia ya mwongo ni fupi, na ya shangazi ilikuwa haifiki hata mlangoni.

“Ulimsisitiza wewe?”

Shangazi akapangusa ukingo wa kikombe kwa khanga.

“Shangazi, ulimwambia nini?”

“Nilimwambia wewe ndiye uliyetaka. Kwamba umechoka na ile kazi, ila unaona haya kusema.” Akakiweka kikombe mezani. “Miaka tisa nakuona umepiga magoti mbele ya mawe. Wenzako wanalea watoto, wewe unapima madoa. Nikasema yakiondoka hayo, labda mtoto wangu ataanza maisha.”

“Maisha yangu yalikuwa yameshaanza, shangazi. Yalikuwa pale ukutani.”

“Unanifokea?”

“Sikufokei. Umenilea, umenisomesha, nakuheshimu. Lakini hili umenikosea, na silimezi. Alhamisi nitalisema mbele za watu, na wewe utakaa kiti cha mbele unisikilize.”

Akatoka, chai akaiacha inatoa moshi.

Fundi alikuwa kwenye kiwanja chake cha kuchongea mawe, nyundo mkononi, lakini jiwe lililo mbele yake lilikuwa halijaguswa. Alipomwona akasimama.

“Kwa nini hukuniambia ni shangazi?”

“Umejuaje?”

“Jibu.”

Fundi akajipangusa vumbi. “Mchumba unaweza kupata mwingine. Aliyekulea ni mmoja. Nikaona heri unichukie mimi.”

Hapo ungetegemea amrukie shingoni. Wala.

“Nani alikupa kazi ya kunichagulia wa kumchukia? Yeye kadanganya kwa jina langu, wewe umenificha, wote mnasema ni mapenzi. Na mimi? Mlitaka kuniuliza lini? Mdomo ninao. Ungeniuliza swali moja tu: kweli unataka nisugue? Ningekujibu.”

“Nilitaka ushtuke kwa furaha.”

“Nimeshtuka.”

Fundi akaenda kwenye sanduku la vifaa, akatoa daftari nene lililofungwa kwa kamba.

“Baba alikuwa anaandika kila ukuta aliojenga. Mahali, mawe yametoka wapi, mwezi na mwaka. Mimi nikaendeleza. Uliwahi kuniambia kuta za mkoa huu zimejaa kuvumwani, tatizo hujui ukuta upi una umri gani.”

Mwanamke akafungua ukurasa wa kwanza, wa pili, wa kumi. Alipofika katikati akatafuta jiwe la kukalia.

“Zipo ngapi?”

“Sitini na tatu. Wa zamani kabisa una miaka hamsini na mbili.”

Alitaka kupiga vigelegele, na hasira zake zilikuwa palepale, vyote kwa pamoja. Ukijua mwaka jiwe lilipowekwa, unapima doa kubwa kuliko yote juu yake, unajua linakua kwa kasi gani. Miaka tisa alikuwa anasoma saa moja ya ukutani. Huyu mtu alikuwa na saa sitini na tatu kwenye sanduku la nyundo.

“Na hizi hujazisugua?”

“Hakuna aliyeniagiza kusugua zaidi ya ule mmoja.”

“Hata ule sikukuagiza.”

“Najua.”

Nusura wacheke, wakajizuia.

“Umenisamehe?” Fundi aliuliza.

“Sijui bado. Chukua ngazi, twende tukapime.”

Jumanne ile na Jumatano nzima walipima kuta kumi na moja. Yeye anachora, Fundi anashika plastiki, na alikuwa anaikandamiza mno.

“Taratibu. Hilo lina umri kukuzidi.”

“Shikamoo,” Fundi akaliambia doa.

Safari hii alicheka kweli.

Alhamisi wakaguzi wakafika, wakiongozwa na mama mmoja mwenye miwani na maneno machache. Mkuu wa idara alikuwa nyuma yao, anajifuta jasho. Shangazi alikaa kiti cha mbele kama alivyoambiwa, amejitanda khanga hadi kwenye kidevu.

“Tuliambiwa tutaona miduara kumi na saba,” yule mama alisema. “Iko wapi?”

“Hii hapa kwenye plastiki, michoro ya miaka tisa. Ukutani haipo tena. Imesuguliwa Jumatatu.”

“Na nani?”

Mkuu wa idara akakohoa. “Kulitokea bahati mbaya kidogo ya—”

“Na mchumba wangu,” akamkatiza. “Yule pale, aliyeshika daftari.”

“Nilimtuma mimi,” shangazi akasema na kusimama. “Nilimdanganya. Kijana hana kosa, na mtoto wangu hana kosa. Andikeni jina langu.”

Mkaguzi akawatazama wote watatu kwa zamu.

“Sasa unataka tulinde nini, binti, ikiwa hata nyumbani kwako umeshindwa kulinda?”

Mkuu wa idara akatazama viatu vyake. Mtafiti hakutazama chini.

“Mama, ukuta huu ulikuwa uani kwa shangazi yangu, unasimamiwa na mimi mwenyewe. Miaka tisa imeondoka kwa siku moja, kwa mikono ya watu wanaonipenda. Sasa fikirieni kuta ambazo hazina hata mtu mmoja wa kuzililia. Mkitaka kufunga faili, fungeni. Mimi kesho naendelea kupima, mkinipa kibali au msiponipa. Tuna kuta sitini na tatu zenye miaka yake. Kumi na moja tumeshaanza.”

“Mmeanza na nani?”

“Na fundi wangu wa mawe.”

Mama akavua miwani, akanyoosha mkono. “Hebu lete hilo daftari.”

Alilisoma amesimama, muda mrefu, akawaita wenzake nao wasome. Hatimaye akamgeukia mkuu wa idara. “Uchunguzi uanze mwezi ujao. Na huyu fundi aandikwe kwenye timu.”

Jumamosi viti vilikuwa palepale vilipopangwa, maana shangazi alikataa katakata kuvirudisha. Pete mwanamke aliitoa mwenyewe kwenye ndoo ya sabuni, akaiosha, akaivaa tena. Kabla ya picha, bibi harusi akamvuta bwana harusi hadi langoni, akamkabidhi patasi na nyundo.

“Chonga tarehe hapo.”

“Ya leo?”

“Ya Jumatatu. Siku uliyosugua.”

“Unataka aibu yangu ikae kwenye jiwe?”

“Zile kuta nyingine najua mwezi na mwaka tu. Huu peke yake ndio najua hadi siku ulipoanza upya. Chonga.”

Akachonga, na suti yake ya harusi, vumbi jeupe likimwagikia viatu. Shangazi akaja na ile brashi ya waya, ameishika kwa ncha za vidole.

“Hii niiweke wapi, mwanangu?”

“Mbali na mimi, shangazi.”

“Na wewe bado umenikasirikia?”

“Kidogo. Njoo kwenye picha.”

Fundi akapuliza vumbi kwenye namba ya mwisho. “Doa la kwanza litaonekana lini?”

“Labda miaka mitano.”

“Na plastiki atashika nani?”

“Wewe,” alisema. “Ila usikandamize.”