Donge la Kiguu

Nyumbani kwa Kiguu mchana ulikuwa usiku. Baba yake alikuwa mwokaji mikate. Alitoka kwenda kazini wakati wenzake wanavuta shuka, akakanda unga, akaoka, akapakia mikate kwenye kreti, kisha akarudi asubuhi akiwa na unga hadi kwenye kope. Kiguu alipokuwa akivaa viatu vya shule, Baba alikuwa akivua vyake. Siku zisizo za shule, neno lililosikika zaidi mle ndani lilikuwa "shii!" Usiburute kiti, Baba amelala. Usicheke hivyo, Baba amelala. Ndiyo maana Kiguu aliuchukia usingizi. Aliuona kama mgeni asiyealikwa anayemlia fungu lake la baba.

Jina la Kiguu alipewa na Mama, mshonaji wa sare za shule, kwa sababu mtoto huyo hakujua kutulia. "Huyu si mtoto, ni kiguu na njia," Mama alizoea kusema huku ametia pini mdomoni. Jina likafupishwa, likanata.

Likizo ile, kwa mara ya kwanza, Baba alipewa siku tatu mfululizo. Akawachukua mkewe, Kiguu na Bonge, kitinda mimba mwenye mashavu ya kuonewa wivu na puto, wakaenda kwenye bustani kubwa ya michezo. Waliongozana na Mama Mkubwa, dada yake Mama, pamoja na binti yake Kipusa, aliyekuwa rika moja na Kiguu. Walipanga vyumba viwili vinavyotazamana kwenye nyumba ya wageni iliyokuwa ng'ambo ya barabara, mkabala na lango la bustani. Dirishani waliona magari ya kugongana, gurudumu kubwa lenye viti vinavyoning'inia, na juu ya vyote, Joka.

Joka lilikuwa treni ndogo nyekundu. Lilipanda reli polepole mpaka likapita paa zote, likasita kidogo kama linalofikiri, kisha likaporomoka na watu wake wakipiga mayowe. Kila mgeni wa bustani alifungwa utepe mkononi. Kwa utepe huo ungeweza kucheza kila kitu, mara nyingi upendavyo, isipokuwa Joka. Joka lilikuwa mara moja tu. Mlinzi wa lango lake aliukata utepe ncha kwa mkasi, na hapo ndipo mwisho wako.

"Tutalipanda siku ya mwisho jioni, taa zikishawashwa," Baba alimwahidi Kiguu. "Mimi na wewe, kiti kimoja. Nikilia usimwambie mtu."

Kiguu hakuamini masikio yake. Baba, macho wazi, kiti kimoja na yeye!

Lakini Baba alikuwa na sharti. Asubuhi wote watakuwa bustanini. Jua likifika utosini, wote chumbani, pazia chini, walale. Alasiri watarudi kucheza. "Unga usiopumzika hauumuki," alisema. "Ukiuingiza kwenye tanuri kwa pupa, unatoa jiwe. Watu nao ni hivyo hivyo."

Hata likizoni kazi ilikuwa haijamtoka mikononi. Kila alipoamka alipita kitanda hadi kitanda, akiwabonyeza wanawe kwa vidole viwili, vile anavyobonyeza madonge ya unga yaliyofunikwa kitambaa ili ajue kama yameumuka. "Huyu tayari," alisema. "Huyu bado, mfunikeni." Bonge alikuwa akicheka mpaka anapaliwa.

Kwa Mama Mkubwa mambo yalikuwa mengine kabisa. "Sisi tumekuja kucheza," alitangaza. "Kulala tutalala kwetu." Yeye na Kipusa waliingia bustanini lango likifunguliwa na kutoka wakifukuzwa na walinzi. Kila jioni Kipusa alikuja na ripoti.

"Leo nimezunguka na farasi wa mbao mpaka nimewachoka. Halafu gurudumu. Juu kabisa unaona mpaka mwisho wa dunia," alisema siku ya kwanza. "Nyie je? Mmeona nini? Mito?"

Kiguu aliona donge. Ndivyo tusemavyo kwa Kiswahili, mwenye wivu ana donge, na binti huyu wa mwokaji alilikanda la kwake barabara. Mchana wa kwanza hakulala, na wa pili hakulala. Alifumba macho na kufumbua masikio, akisikiliza mayowe ya bustanini yakipita kwenye pazia, akijaribu kukisia lipi ni la Kipusa. Aliionea wivu kofia ya Kipusa. Aliionea wivu pua yake iliyobabuka kwa jua. Hata lengelenge la kisigino cha Kipusa alilionea wivu, maana lilipatikana kwenye foleni. Pembeni yake Mama alilala huku mkono umetulia juu ya Bonge, na Baba alikoroma taratibu. Kiguu hakuwatazama.

Asubuhi ya siku ya mwisho, Kipusa alimvuta pembeni kwenye ukumbi.

"Leo mchana napanda Joka," alinong'ona. "Mimi wa kwanza. Wewe utalikuta limeshachoka."

Maneno hayo yalimkaa Kiguu kooni asubuhi nzima. Mchana, mikoromo ya Baba ilipoanza, aliteremka kitandani. Akalaza mto katikati ya godoro, akaufinyangafinyanga upate mabega, akaufunika shuka. Viatu mkononi, akatoka akinyata.

Jua lilikuwa kali bustanini, na foleni ya Joka haikuwa na hata kivuli. Kiguu alitarajia kumkuta Kipusa amesimama mbele kama bibi harusi. Badala yake alimkuta ameketi chini kando ya kibanda cha tiketi, uso umempauka, kichwa kinamwangukia kifuani. Mama Mkubwa alikuwa akimpepea kwa ramani ya bustani.

"Simama, mwanangu, foleni inasogea! Siku ya mwisho hii, hata mashua hatujazigusa!" Alimwona Kiguu, akashangaa. "He! Leo wameamka mapema hivi?"

"Ndiyo, Mama Mkubwa," Kiguu alijibu bila kupepesa macho. "Baba amesema nitangulie."

"Afadhali. Hebu kaa na mwenzio, nimtafutie maji."

Mama Mkubwa alipoondoka, Kipusa aliinua uso. "Una bahati wewe," alisema. "Nyie mnalala."

"Umeanza kejeli zako."

"Si kejeli. Kichwa kinanigonga tangu jana. Na ule mwisho wa dunia sikuuona. Nilisinzia kwenye gurudumu, nikaamshwa tuko chini." Alitazama reli za Joka zilivyopanda. "Na hili sitaki tena. Mama anaogopa hata ngazi. Ningepanda na nani?"

Mtu mwenye roho nyeupe angemhurumia. Kiguu naye alimhurumia, lakini kidogo tu, kwa sababu donge lilikuwa limeshaanza kumwambia jambo jingine: kumbe Kipusa hapandi! Kumbe wa kwanza anaweza kuwa yeye! Mama Mkubwa aliporudi na chupa ya maji, Kiguu alikuwa amekwisha kujipenyeza kwenye foleni. Mlinzi alimpima kimo kwenye ubao, akashika mkono wake, akakata ncha ya utepe.

"Umeshatumia, binti. Hakuna nyingine."

Alikalishwa karibu na mwanamume asiyemjua, aliyekumbatia kofia yake kwa mikono miwili. Joka likapanda. Kule juu likasita, na bustani nzima ikawa miguuni mwake. Kiguu akageuka upande kusema, "Baba, ona!" Akakutana na kofia. Kisha tumbo likabaki juu, mwili ukaenda chini, na kabla hajajua kama amefurahi, mlinzi alikuwa akimwambia ateremke, wengine wanangoja.

Alirudi mbio chumbani. Wote walikuwa kimya. Aliuondoa mto, akajilaza pale pale. Punde akasikia Baba akiamka. "Huyu tayari," alisema kitandani kwa Bonge. Vidole viwili vikamgusa Kiguu begani. Vikakaa muda mrefu kuliko kawaida.

"Huyu bado," Baba alisema kwa sauti ya chini. "Bado kabisa."

Jioni taa ziliwashwa, nyekundu na za buluu, na Joka likawa kama limevishwa shanga. Baba alivaa shati lililopigwa pasi, akamshika Kiguu mkono, wakaingia kwenye foleni. Mama na Bonge walibaki nje ya uzio. Miguu ya Kiguu ilikuwa mizito kama ya kuazima, na macho yalimchoma kwa usingizi wa siku tatu. Alivuta mkono wa sweta ukafunika utepe.

"Unajua, kule tanurini wananicheka," Baba alisema. Alikuwa na furaha kama mtoto. "Nimewaambia wiki nzima, mimi na binti yangu tutapanda dude moja hivi. Wanasema nitazimia. Nikawaambia, nikizimia atanishika."

Foleni ikasogea. Kiguu alitaka ardhi ipasuke immeze. Angeweza kusema tumbo linamuuma. Angeweza kusema anaogopa. Akamtazama Baba, aliyekuwa ameinua kidevu akilifuata Joka kwa macho, akashindwa.

"Baba." Machozi yalimtangulia. "Nimeshalipanda. Mchana. Nilitoka mkiwa mmelala." Akavuta mkono wa sweta na kumwonyesha utepe uliokatwa.

Baba aliutazama. Furaha ilimtoka usoni polepole, na hilo lilimuuma Kiguu kuliko kofi.

"Kwamba ulitoka, nilijua," alisema hatimaye. "Niliamka nikabonyeza mto. Unga nimeukanda tangu sijamwoa mama yako. Mto na mtoto siwezi kuvichanganya. Nilikwenda dirishani, nikakuona na mama yako mkubwa, nikajua uko salama. Nikasema ngoja, atanieleza mwenyewe. Lakini hili la Joka... Hili sikulijua."

"Nisamehe, Baba. Kipusa alisema atakuwa wa kwanza. Nikaona donge."

"Mzee, mnapanda au mnapisha?" mlinzi aliuliza.

Kiguu aligeuka. Nyuma ya uzio, karibu na Mama, Kipusa alikuwa amesimama na mama yake. Alasiri ile mama yake Kiguu, alipoona alivyopauka, alikuwa amemchukua Kipusa kwa nguvu, akamlaza chumbani kwao, pazia chini, na sasa macho yake yalikuwa maangavu. Aliwatazama wana wa watu wanavyopanda na baba zao. Utepe wake ulikuwa mzima.

Wivu ukamwamkia Kiguu upya, mkali kuliko wa mchana, maana safari hii alijua hasa anachotoa.

"Panda na Kipusa," alisema.

Baba akamwinamia. "Kweli?"

"Roho inaniuma. Lakini kweli."

Kipusa alipoitwa hakuelewa. "Mimi? Na Baba Mdogo?" Alimtazama Kiguu kama anayetafuta mtego. Alipouona utepe uliokatwa, alielewa, akamshika mkono mara moja haraka, akakimbilia langoni kabla mtu hajabadili mawazo.

Kiguu akaenda kusimama na Mama. Joka likaanza kupanda.

"Nawaonea wivu, Mama," alisema.

"Najua. Mimi pia ningewaonea." Mama alimfuta machozi kwa upindo wa mtandio. "Lakini wivu wa mchana ulikupeleka kuchukua. Wa sasa umeushika masikio, ukatoa. Si kitu kidogo hicho."

Mama Mkubwa aliguna. "Na mimi niseme langu. Siku tatu nilidhani mtoto akikaa chini ni hasara. Kumbe nilikuwa namburura tu. Hata alichokiona hakukiona."

"Mwili nao una haki yake, dada," Mama alisema. "Usipoupa kwa hiari, utajichukulia wenyewe mahali pabaya."

Juu kabisa, treni ilisita. Kisha ikaporomoka, na katikati ya mayowe yote likasikika moja nene: "Mama yangu weee!" Bonge akaanguka kwa kicheko. Kiguu naye akacheka, machozi bado mashavuni.

Baba aliteremka huku Kipusa akimshika kiwiko. Hakwenda kwa mtu mwingine yeyote. Alikuja moja kwa moja kwa Kiguu, akaketi naye kwenye benchi.

"Kule juu mchana, uliona nini?" aliuliza.

"Niligeuka kukuonyesha bustani," Kiguu alisema. "Nikaona mtu na kofia yake."

"Na mimi niligeuka kukutafuta wewe. Nikakuona chini, mdogo kama punje, unafuta macho. Mwanangu, methali inasema usiache mbachao kwa msala upitao. Mwenzio alikuwa na mchana mzima wa foleni, wewe ulikuwa na pumziko na ahadi ya jioni. Uliacha chako kwa kutazama chake, mwisho hukufaidi chake wala chako. Furaha haipimwi kwa wingi wa michezo. Inapimwa kwa macho uliyobaki nayo ya kuiona, na mtu uliye naye. Lakini umesema kweli wakati uongo ulikuwa rahisi, na hilo nimelifurahia kuliko Joka."

"Tutarudi siku nyingine, Baba?"

"Panapo majaliwa. Na siku hiyo, mchana, utalala?"

Kiguu na njia alikuwa ameshalala fofofo begani mwake. Baba hakumbonyeza. Alimbeba polepole, wakavuka barabara.