Uzi wa Kijani wa Dobi

Ndugu zangu, asubuhi ile uani kwa dobi kulikuwa shwari. Mashuka yameanikwa, pasi inapata moto, na mkewe anatia uzi wa alama kwenye kola za mashati na pindo za nguo nyingine. Kila mteja alikuwa na rangi yake, na dobi ndiye aliyemtajia mkewe. Miaka ishirini rangi hizo dobi alizitunza kichwani tu, hakuziandika popote.

Wakaingia askari wawili. Duka la simu lilikuwa limevunjwa, na mali imekutwa mtaroni, imefungwa kwenye shuka lenye uzi wa kijani. Mtaa mzima ulijua alama za uzi ni za dobi. Wakamwomba dobi waende naye kituoni.

Mkewe akauliza mumewe amefanya nini.

"Mama, sijasema amefanya," mmoja wao, mpelelezi, akajibu kwa upole. "Ni mshukiwa. Maana yake kuna jambo linalotufanya tumuulize. Wa kusema nani mwizi ni mahakama, si mimi."

Lakini watu husikia nusu. Kabla ya adhuhuri mtaa ulikuwa umeshahukumu. Wateja wakaja mbio kuzoa nguo zao, nyingine bado zinachuruzika maji. Muuza mkaa, jirani aliyekula kwao jana tu, akasema, "Shemeji, lisemwalo lipo."

Mke wa dobi alitazama jina lao la miaka ishirini likitoka na vikapu.

Alasiri dobi akarudi. Alikuwa amewaeleza askari kwamba uzi wa kijani ni wa mwalimu. Mwalimu naye akathibitisha: shuka alishalichukua, likaibwa kwenye kamba yake pamoja na shati. Mwizi akakamatwa sokoni, kalivaa shati lenyewe, kola ina uzi wa kijani.

Kesho yake mlango ukagongwa. Ni muuza mkaa, na suruali imemwishia magotini. Nyuma yake foleni: kwa pupa ile watu walikuwa wamechukuliana nguo, na siri ya nyuzi anayo mtu mmoja.

"Shemeji," akasema akiangalia chini, "mzee yupo?"

"Yupo. Ila suruali hiyo wewe ndiye mshukiwa wake. Ingia uulizwe."

Dobi akacheka mpaka akaishikilia meza. Akampa kila mtu nguo yake, asimsute yeyote.

Sasa dobi ametangulia mbele ya haki. Mkewe akitia uzi kwenye kola, hukisikia kicheko kile, naye akatabasamu.

FUNZO

Mshukiwa ni mtu anayeulizwa, hajahukumiwa. Jirani yako akiitwa kituoni, mwachie nafasi ya kujibu. Nguo ulizochukua kwa pupa utazirudisha kesho. Maneno uliyoyasema hayarudi.