Kompyuta Iliyomngoja Akumu

Kila Ijumaa nyumbani kwa kina Bonareri palikuwa na mbio. Maji yalitekwa, ndizi zikapikwa mapema na watoto wakaoga, ili jua likizama Sabato iwakute wametulia. Mama yake hakutaka kusikia habari za kuchelewa.

Ijumaa moja Bonareri, mwanafunzi wa Gredi ya Saba, alikuwa bado shuleni jua likianza kushuka nyuma ya mashamba ya chai ya Itumbe. Chama cha kompyuta kilikuwa kinaweka Linux, mfumo wa kuendeshea mashine, kwenye kompyuta kuukuu, ya pekee waliyokuwa nayo. Linux hiyo ilitoka kwenye flashi ya Akumu, msichana mgeni kutoka Homa Bay. Bonareri ndiye aliyeketi kwenye kibodi. Kila swali lililotokea kwenye skrini alilijibu upesi, jicho moja dirishani. Hatimaye kompyuta ikawaka vizuri, wakaizima, na kila mtu akashika njia yake. Mwalimu Nyangate, naye Msabato, alimwachia Akumu ufunguo. Akumu ni Mkatoliki, kwa hiyo angekuja Jumamosi kufagia chumba.

Jumatatu kompyuta ilikataa kuwaka. Skrini ilibaki nyeusi, ikisema tu kwamba hakuna mfumo uliopatikana.

"Nani alikuwa humu Jumamosi?" aliuliza Ochoki, mvulana ambaye hakuwahi kukosa la kusema.

Macho yote yalimgeukia Akumu.

"Nilifagia," Akumu alisema. "Nikachomoa flashi aliyonipa kaka yangu, nikafunga mlango. Basi."

Bonareri hakumwamini. Mbona alijibu akitazama sakafu? Mbona flashi hiyo aliining'iniza shingoni kama hirizi? Siku hiyo Bonareri alihamisha kiti chake akaketi mbali, na Akumu akaliona hilo.

Jumanne Akumu alikuja na wazo la kuiweka Linux upya. Alichomeka flashi yake, akawasha. Kabla hajagusa kitu kingine, kompyuta iliamka na kazi zao zote za Ijumaa zikatokea. Badala ya kufurahi, watoto walitazamana.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Ochoki alinong'ona. "Huyu ametucheza. Aliiharibu ili aonekane fundi."

Bonareri aliona mambo yanaungana. Kompyuta inakufa Akumu akiingia peke yake, inafufuka Akumu akiigusa. Alimwendea Mwalimu Nyangate, akamweleza mbele ya wote.

"Mwalimu, tunaomba Akumu atoke kwenye chama. Hatuwezi kumwamini."

Akumu alimgeukia mwalimu. Chama hicho ndicho kilichomfanya aache kuililia shule yake ya zamani.

"Akumu, acha flashi hapo uende nje," mwalimu alisema.

Akumu alitoka akijifuta machozi, na Bonareri akajua wameshinda. Lakini mwalimu aliizima kompyuta, akachomoa flashi.

"Ochoki, washa."

Skrini ikawa nyeusi.

"Izime. Rudisha flashi, uwashe tena."

Kompyuta iliwaka bila shida.

"Akumu yuko nje," mwalimu alisema. "Sasa, ni nani anayeiwasha hii mashine?"

"Ni flashi," Ochoki alijibu, sauti imepungua.

Mwalimu alieleza kwamba Linux ina programu ndogo iitwayo GRUB, ambayo kazi yake ni kuiamsha kompyuta. Inapaswa kukaa kwenye diski ya ndani. "Hii yetu imewekwa kwenye flashi. Ni kama mtu aliyejenga nyumba kwake, mlango akauweka kwa jirani. Jirani akisafiri, nyumba haiingiliki. Wakati wa kuiweka, kompyuta huuliza: GRUB ikae diski gani? Nani alijibu swali hilo?"

Bonareri alilikumbuka swali lile na majina mawili ya diski. Alikuwa amechagua moja bila kusoma, kwa kuwa jua lilikuwa linazama. Angenyamaza, Akumu angebaki na lawama.

"Ni mimi, Mwalimu," alisema. "Niliogopa Sabato itanikuta njiani."

Akumu aliitwa ndani. Bonareri alirudia maneno hayo mbele yake, akaomba msamaha. Kisha, mwalimu akimwelekeza, aliandika amri ya kuiweka GRUB upya, safari hii akifuata jina la diski kwa kidole, herufi kwa herufi. Akamwomba Akumu achomoe flashi mwenyewe na kuwasha. Kompyuta iliwaka.

"Mashine imepona," Akumu alisema. "Lakini jana ulihamisha kiti."

Bonareri alikibeba kiti chake, akakirudisha karibu na Akumu. Akumu alimtazama kidogo, kisha akasogea kumpa nafasi.

Mwalimu Nyangate aliwatazama wote. "Msiisingizie Sabato," alisema. "Sabato ni ya Mungu, haraka ni yetu. Tungeweza kuanza Jumatatu. Mdhaniwa ndiye, kumbe siye. Mmeijaribu mashine kwa dakika chache tu ikawaambia ukweli, lakini mwenzenu mmemhukumu siku mbili bila kumpima. Kabla hujamnyooshea mtu kidole, chunguza kwanza kazi ya mkono wako."